Majani ya Miti ya Matunda kwa Mbuzi: Namna ya Kuchagua, Kupima na Kulisha

Mvua zikikatika na nyasi za kando ya barabara zikaanza kukauka, maswali huwa ni yaleyale. "Mbuzi wangu wanapenda majani ya mwembe, niwape mpaka washibe?" "Ni kweli majani ya parachichi yanaua?" "Mbona wanakula, matumbo yanajaa, lakini mgongo umebaki mifupa?" Nimeyajibu yote hapa mahali pamoja, kwa ajili ya mfugaji mwenye mbuzi wachache bandani na miti ya matunda uani au shambani. Kama una ng'ombe wa maziwa, mengi ya humu yanakuhusu pia, na pale yanapotofautiana nitasema.

Jibu fupi ni hili: majani ya miti ya matunda ni chakula kizuri sana cha nyongeza, lakini hayalingani. Jani la mforsadi na jani la mwembe yote ni mabichi, na mbuzi atayala yote mawili, ila moja linajenga nyama na maziwa, na jingine kwa sehemu kubwa linajaza tumbo tu. Halafu yapo majani ambayo hayafai kufika bandani hata tita moja.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mzani wa kuning'iniza wenye ndoano, ule wa wauza samaki, unaofika angalau kilo 50. Ukikosa kila kitu kingine, huu usiukose.
- Panga kali au mkasi wa kupogolea, pamoja na upembo wa kuvutia matawi.
- Kamba za kufungia matita na za kuning'inizia majani bandani.
- Turubai au mikeka chakavu ya kuanikia.
- Magunia yanayopitisha hewa. Ya katani ndiyo mazuri zaidi.
- Jiwe la chumvi ya madini la kulamba, na maji safi muda wote.
- Pumba za mahindi.
- Daftari la kuandikia uzito.
- Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yako. Itafute leo, usingoje mbuzi aanguke.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Ndani ya tumbo kubwa la mbuzi kuna vijidudu vinavyovunja nyasi, na vijidudu hivyo vinaishi kwa protini. Chakula chote cha siku kikiwa na protini chini ya asilimia 7 au 8 ya uzito mkavu, vijidudu hudhoofika, nyasi hukaa tumboni muda mrefu, na mbuzi huonekana ameshiba huku anakonda. Uzito mkavu maana yake ni uzito wa chakula ukishaondoa maji yote. Mabua ya mahindi yana asilimia 3 hadi 5 tu, na nyasi za kiangazi zilizokomaa hazitofautiani sana na hayo. Mbuzi anayekua anahitaji kama asilimia 12 hadi 14, na anayenyonyesha zaidi kidogo ya hapo.

Kazi ya majani ya miti, basi, ni kuziba pengo hilo la protini, na ndiyo maana lazima ujue kila mti una nini. Nadharia inatosha.

Hatua ya 1: Kagua miti yako na uigawe makundi matatu

Zunguka shamba lako na la jirani aliyekuruhusu, uandike kila mti uliopo. Takwimu nitakazotaja hubadilika kulingana na udongo, msimu na umri wa jani, kwa hiyo zichukue kama mipaka ya kawaida.

*Kundi la kwanza: yanayojenga.*

Mforsadi hauna mpinzani. Majani yake yana protini ya asilimia 15 hadi 28 ya uzito mkavu, yanameng'enywa kwa urahisi, na hayana ukakasi. Wanyama wengi huyakimbilia tangu siku ya kwanza. Haya unaweza kuyapandisha hadi nusu ya chakula cha mbuzi bila wasiwasi, na hata sungura huyala vizuri.

Mfenesi unafuata, na kwa watu wa Tanga, Morogoro, Unguja na Pemba ndio mti ninaowashauri waanze nao, kwa kuwa tayari upo. Majani yake yana protini ya asilimia 12 hadi 16, na mti hubaki na majani hata kiangazi kikikaza. Huko Bangladesh na Vietnam wafugaji wadogo wa mbuzi wanayategemea sana. Mfenesi, mforsadi na mshelisheli ni miti ya ukoo mmoja, na mshelisheli nao mbuzi huula vizuri, ingawa utomvu wake ni mwingi.

Mkunazi una asilimia 13 hadi 17. Miiba yake inakera mikono lakini haimzuii mbuzi: huchomoa jani mojamoja kwa midomo bila kujichoma. Kwa maeneo makavu huu ni mti wa thamani kubwa.

Mgomba una sura mbili. Jani lina protini ya asilimia 10 hadi 15 na linafaa. Shina ni jambo jingine kabisa, kwani zaidi ya asilimia 90 ni maji na protini yake ni ndogo mno. Wachagga katika vihamba vya Kilimanjaro wamelisha mifugo ya ndani kwa majani na mashina ya migomba kwa vizazi vingi, lakini huyachanganya na nyasi zilizobebwa kutoka tambarare. Ukitoa shina peke yake umempa mnyama maji ya kunywa. Tahadhari moja kwa watu wa Kagera na kwingineko kwenye mnyauko bakteria wa migomba: usibebe majani wala mashina kutoka shamba lililoathirika kupeleka penye migomba mizima.

*Kundi la pili: kiasi tu, na kwa kuchanganya.*

Mwembe. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa sababu majani ni mengi na mbuzi huyala. Protini yake ni asilimia 7 hadi 10, na sehemu yake hufungwa na tanini, zile kemikali zinazoleta ukakasi, kiasi kwamba mbuzi haipati. Jani lililokomaa lina nyuzinyuzi ngumu juu ya hapo. Yatumie kujazia, usiyategemee kunenepesha, na kamwe yasiwe chakula pekee kwa wiki nyingi. Mwaka 1883 Trailokyanath Mukharji wa India aliandika habari za ng'ombe wa eneo la Monghyr, Bihar, waliolishwa majani ya mwembe na maji tu ili mkojo wao utengenezewe rangi ya njano ya wachoraji. Ng'ombe hao, aliandika, walikuwa na afya mbaya ya kuonekana kwa macho.

Mpera una asilimia 8 hadi 12, na ukakasi wake ni mkali kuliko wa mwembe. Ukitaka kujua tanini inafanya nini, tafuna kipande kidogo cha jani la mpera uteme: ulimi unakauka na mashavu yanavutika. Hivyo hivyo ndivyo protini inavyokamatwa tumboni. Kiasi kidogo kina faida, kwani huimarisha kinyesi cha mbuzi aliyelegea. Kikizidi, mbuzi hukosa choo na hupoteza hamu ya kula.

Mkwaju una protini ya kuridhisha na mbuzi huupenda, ila majani ni madogo na kuyakusanya kunachosha. Jani la mpapai lina protini nyingi, zaidi ya asilimia 20, lakini ni chungu na lina utomvu. Changanya jani mojamoja kati ya mengine, hasa unapong'oa mipapai dume. Michungwa na milimao ina mafuta yenye harufu kali ambayo baadhi ya mbuzi huyakataa. Anayekula ale, ila kwa michungwa soma hatua ya 2 kwanza.

*Kundi la tatu: usilete bandani.*

Parachichi. Majani yake yana sumu iitwayo pesini. Mbuzi anayenyonyesha akila kama gramu 20 za majani kwa kila kilo ya uzito wake, kiwele huvimba na maziwa hukatika. Akifika gramu 30 kwa kilo, moyo huharibika. Piga hesabu: kwa mbuzi wa kilo 30, gramu 20 kwa kilo ni gramu 600 tu, tita dogo la mkono mmoja. Madhara yameonekana zaidi kwenye jamii ya Guatemala na mahuluti yake. Aina ya parachichi iitwayo Hass, inayopandwa kwa wingi Njombe na Murang'a, ina asili hiyo kwa sehemu kubwa, na aina ya Fuerte ni mahuluti. Kukausha hakuondoi sumu hii. Utasikia mtu akisema mbuzi wake wanakula parachichi na hawajafa. Huenda wamekula kidogo, huenda ni aina nyingine. Sioni sababu ya kujaribu bahati kwenye kiwele cha mnyama anayekulisha. Sungura, farasi na ndege wa kufugwa nao hudhurika.

Mpichi, mplamu na mlokwati. Watu wa Lushoto, Njombe na Limuru wasikilize hapa. Majani ya miti hii yana kemikali zinazotoa sianidi jani linapopondeka au kunyauka. Kwa hiyo tawi la mpichi lililokatwa jana likanyauka juani ni hatari kuliko lililo mtini. Ukipogoa, matawi yasibaki mahali mifugo inapopita.

Pesheni (karakara). Nao majani yake hutoa sianidi. Mmea wa pesheni ukizeeka ukaung'oa, utupe au uchome moto, usiwarushie mbuzi.

Mstafeli na mtopetope. Mbuzi mwenyewe mara nyingi huyanusa na kuyaacha. Usiyakatekate na kuyaficha kwenye pumba ili ayale kwa nguvu.

Hatua ya 2: Jua mti umepuliziwa nini

Mti wa kundi la kwanza uliopuliziwa dawa jana ni wa kundi la tatu leo. Michungwa ya Muheza na miembe ya biashara hupuliziwa dawa za wadudu na ukungu. Mikorosho ya Mtwara na Lindi hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, na salfa nyingi tumboni mwa mnyama anayecheua huathiri ubongo.

Muulize mwenye shamba mambo matatu: dawa gani, lini, na lebo inasema siku ngapi za kusubiri. Asipojua, usichukue majani hayo. Majani ya miti iliyo kando kabisa ya barabara ya vumbi yasuuze kwa maji, na ya kando ya dampo au gereji yaache.

Hatua ya 3: Vuna jani sahihi, kwa wakati sahihi

Jani changa lina protini nyingi, jani zee lina nyuzinyuzi nyingi. Unalolitaka ni la katikati: limeshafunguka lote na kukolea rangi, lakini bado linakunjika bila kuvunjika. Likunje katikati. Likilia "tak" na kukatika, limezeeka. Machipukizi yale mekundu ya mwembe yaache mtini, kwa kuwa ukiyamaliza unaudhoofisha mti wenyewe.

Pogoa baada ya kuvuna matunda, usipogoe mti ulio kwenye maua. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya matawi kwa mwaka. Mfenesi una unafuu wake, kwani huzaa kwenye shina na matawi manene, hivyo ukipunguza vijitawi vya nje hugusi mafenesi. Paka mafuta ya kula mikononi na kwenye panga kabla ya kuukata. Bila hivyo utomvu utakuganda mpaka kesho.

*Kosa la kawaida:* kuokota majani makavu yaliyodondoka chini ya mwembe na kuyahesabu kuwa ni chakula. Kabla jani halijadondoka, mti umeshalinyonya virutubisho. Hayo peleka kwenye mboji.

Hatua ya 4: Acha yanyauke kidogo

Matawi ya mfenesi, mwembe na mpera yaning'inize kivulini usiku mmoja kabla ya kulisha. Maji hupungua, utomvu hukatika, na mbuzi wengi huyala vizuri zaidi. Mforsadi na mgomba unaweza kutoa siku hiyohiyo, mradi haujaloa mvua wala umande.

Wengine wamezoea kuanika kisamvu ili sumu ipungue, wakadhani kunyausha husafisha jani lolote. Kwa parachichi hakusaidii, na kwa mpichi ndiko kunakoongeza hatari.

Hatua ya 5: Pima, usikisie

Mbuzi hula uzito mkavu wa kama asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake kwa siku. Jike la kilo 30 linahitaji kama kilo 1 ya chakula kikavu. Theluthi moja ya hiyo, gramu 350 hivi, itoke kwenye majani ya miti.

Majani mabichi ya mfenesi au mwembe, kila kilo hubeba kama gramu 300 hadi 350 za uzito mkavu. Kwa hiyo gramu 350 ni kilo 1 ya majani mabichi, kijiti na kikonyo havihesabiwi. Mforsadi una maji zaidi, toa kilo 1 na robo hadi na nusu. Majani ya mgomba yana maji zaidi ya hapo, toa kilo 1 na robo tatu.

Sasa tazama tofauti ya mti na mti. Tuseme sehemu iliyobaki, gramu 650, ni mabua yenye protini ya asilimia 4. Hiyo inakupa gramu 26 za protini.

- Ukiongeza mwembe wenye asilimia 8 unapata gramu 28. Jumla ni gramu 54 kwenye kilo nzima, yaani asilimia 5.4. Bado uko chini ya mstari ule wa asilimia 7 au 8, na sehemu ya hizo 28 imefungwa na tanini.
- Ukiongeza mfenesi wenye asilimia 14 unapata gramu 49. Jumla ni 75, asilimia 7.5. Umefika mstarini.
- Ukiongeza mforsadi wenye asilimia 20 unapata gramu 70. Jumla ni 96, asilimia 9.6. Umevuka.

Hesabu hii ndiyo jibu la yule anayeuliza mbona mbuzi wanashiba na bado wanakonda. Inaonyesha pia kwamba hata mforsadi kwa theluthi, pamoja na mabua, haumfikishi mbuzi anayekua kwenye asilimia 12. Bado utahitaji pumba, mashudu ya alizeti, au majani ya lusina au gliricidia (miti ya malisho yenye protini nyingi) ukiwa nayo.

Kwa ng'ombe hesabu ni ileile, ila usivuke sehemu moja kwa tano kwa majani ya kundi la pili. Mbuzi kwa asili ni mla vichaka na huvumilia tanini kuliko ng'ombe.

Hatua ya 6: Anza polepole kwa wiki mbili

Vijidudu vya tumboni huzoea chakula kipya kwa siku 10 hadi 14. Siku tatu za kwanza toa robo ya kiasi ulichopima. Siku ya nne hadi ya saba toa nusu. Wiki ya pili panda hadi robo tatu, kisha kiasi kamili.

Anza na aina moja ya jani. Ukichanganya aina nne siku ya kwanza halafu mbuzi mmoja akaharisha, hutajua umlaumu mti gani. Mbuzi wa mimba kubwa na waliozaa juzi wape muda mrefu zaidi.

*Kosa la kawaida:* kumaliza kupogoa Jumamosi na kuwamwagia mbuzi mzigo wote Jumapili kwa sababu "ni bure".

Hatua ya 7: Lisha kwa mpangilio

Asubuhi anza na nyasi au mabua ili tumbo lisiwe tupu. Majani ya miti yafuate saa nne au tano. Pumba, kama gramu 200 kwa mbuzi, gawa mara mbili.

Funga tita kwa kamba, ulining'inize kwenye usawa wa kichwa cha mbuzi au juu kidogo, ukutani upande usio na mkojo. Mwangalie anavyokula: husimama kwa miguu ya nyuma, hushika jani kwenye ncha, hulivuta kwa upande, na kijiti hubaki kitupu. Majani hayohayo ukiyatupa sakafuni atayakanyaga, na jani alilolikanyaga haligusi tena. Wengi wanaolalamika kwamba mbuzi wao hawapendi mfenesi wanaumwaga chini.

Jiwe la madini lisikosekane. Majani ya miti yana kalsiamu nyingi na fosforasi kidogo, pumba kinyume chake, kwa hiyo viwili hivi vinasaidiana. Kwa beberu na dume aliyehasiwa hilo lina uzito wa pekee, kwani pumba nyingi bila majani humletea vijiwe vinavyoziba njia ya mkojo.

Maji yawe mengi kuliko ulivyozoea. Tanini hukausha choo.

Hatua ya 8: Weka akiba ya kiangazi

Majani yakiwa mengi wakati wa masika, kausha. Tandaza kwenye turubai kivulini penye upepo, unene usiozidi kiganja, ugeuze asubuhi na jioni. Siku tatu hadi tano hutosha kukiwa hakuna mvua. Jua kali hukausha upesi lakini huunguza vitamini A, na jani hupauka.

Yako tayari pale unapolifinya jani likasagika mkononi huku bado lina rangi ya kijani. Kilo 100 mbichi zitakupa kama kilo 30 hadi 35, pungufu zaidi kwa mforsadi. Jaza kwenye gunia la katani, weka juu ya chanja, mbali na ukuta. Wakati wa kulisha kumbuka kipimo kimebadilika: gramu 350 kavu zinachukua nafasi ya ile kilo moja mbichi.

Jani lenye ukungu mweupe au harufu ya uvundo usilitoe hata kama ni gunia zima. Sumu ya ukungu huharibu ini na humfanya mbuzi atupe mimba.

Hatua ya 9: Pima mbuzi

Kila wiki mbili, asubuhi kabla ya kula, mfunge mbuzi kwa kitambaa kipana kifuani na tumboni, umning'inize kwenye mzani. Andika. Uzito usipopanda kwa mwezi mzima, na umeshatoa dawa ya minyoo, rudi hatua ya 5 ubadilishe mti au uongeze pumba. Kwa anayekamuliwa, andika pia maziwa ya kila siku.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Wanakataa kula.* Nyausha usiku mmoja zaidi, nyunyizia maji ya chumvi kidogo, na uwatolee wakiwa na njaa ya wastani. Mweke mbuzi mmoja mwenye uroho jirani nao, wengine humwiga. Baada ya siku tano wakikataa bado, badilisha mti.

*Choo kimekuwa vipira vikavu vyeusi na vigumu.* Tanini imezidi. Punguza mwembe au mpera kwa nusu, ongeza majani laini kama matembele, na hakikisha wanakunywa.

*Wanaharisha.* Mara nyingi umepandisha kipimo haraka au majani yalikuwa na umande. Rudi kwenye nyasi kavu na maji kwa siku mbili, kisha anza tena na robo. Kuhara kukiwa na damu au homa, huo si ugonjwa wa majani, mwite afisa mifugo.

*Tumbo limevimba upande wa kushoto, mbuzi anahema kwa shida.* Kagua kwanza kama amekula maembe au mafenesi yaliyooza chini ya mti, maana matunda yaliyochacha huvuruga tumbo kuliko jani lolote. Mtembeze, msimamishe kichwa kikiwa juu, na piga simu mara moja. Kwa ng'ombe angalia pia kooni, kokwa la embe hukwama.

*Kiwele kimevimba ghafla, kigumu, maziwa machache kama yamekatika.* Fikiria parachichi kabla ya kununua dawa ya kiwele. Zuia chanzo, mpumzishe kivulini asikimbizwe, na umweleze afisa mifugo wazi kwamba kuna mparachichi karibu. Maziwa hayo yamwage.

*Mbuzi amekula majani ya mpichi au pesheni, anahema haraka, anayumba, fizi nyekundu sana.* Hii ni sianidi na huua ndani ya dakika chache hadi saa moja. Ipo dawa ya sindano, lakini lazima iwe mkononi mwa daktari wa mifugo. Piga simu kwanza, halafu ndipo uwaondoe wengine kwenye majani hayo.

*Mbuzi amekufa na hujui kwa nini.* Usimchune ili kuokoa nyama, wala usiwape mbwa. Chukua tawi la kila aina ya jani alilokula siku hiyo na ya jana yake, ufunge kwenye karatasi, uandike ulikolitoa, na umkabidhi afisa mifugo atakapokuja kumpasua. Mpaka ajibu, waliobaki wape nyasi na maji tu.